Maswali ya Mafundi: Kupanga rilei za volteji na frikwensi

SWALI: *Habari za kazi. Kiwanda chetu cha kubangua korosho hapa Masasi kinapokea umeme wa kilovolti 33. Rilei mpya ya kidijitali (kifaa kinachopima umeme na kuamuru breka ikate) imepangwa ikate volteji ikishuka chini ya asilimia 90 kwa sekunde 0.5. Kila kompresa kubwa ikiwashwa, breka inatripu. Tuizime hii kinga?*
– Fundi wa zamu, Masasi

JIBU: Msiizime, ndugu. Nguvu ya mota kuzungusha hufuata kipeo cha pili cha volteji: ikibaki asilimia 80 ya volteji, nguvu inabaki asilimia 64 tu. Mota yenye mzigo hapo huvuta mkondo mkubwa, na waya zake huungua taratibu bila mtu kujua. Kilichokosewa ni kiwango na muda.

Fungueni rekodi ya matukio ndani ya rilei, msome volteji ilishuka hadi wapi kompresa ilipowaka. Tuseme ilifika asilimia 87 kwa sekunde 4. Basi wekeni asilimia 80, sekunde 3. Kwa transfoma ya kupimia, inayoipunguzia rilei kilovolti 33 ziwe volti 110, hiyo ni volti 88. Kiwango cha kujirudi, yaani volteji ikipanda hapo rilei inaacha kuhesabu, kiwe mara 1.03, yaani volti 90.6, rilei isipepesuke pale pale mpakani.

Sekunde 3 zina sababu. Fida (njia ya kusambaza umeme) ya jirani ikipata hitilafu, volteji kwenu huanguka mpaka kinga yao ikate. Ikiwa kinga yao ya akiba hukata kwa sekunde 1.2, ninyi ongezeni walau 0.3 juu yake; chini ya hapo mtazimika kwa kosa la mwenzenu. Na kama kompresa inaishusha volteji chini ya asilimia 80, rekebisheni namna ya kuiwasha, kwa mfano kwa staa-delta, yaani mota ianze kwa volteji ndogo kisha ihamie volteji kamili. Msishushe setingi kuifuata.

Kwa volteji kupanda, asilimia 110 kwa sekunde 10 itoe tahadhari, asilimia 120 kwa sekunde 0.5 ikate. Tahadhari ikilia usiku kiwanda kimelala, kaangalieni kwanza kapasita zilizoachwa zimeungwa, maana mzigo ukiwa mdogo huinua volteji.

Tena, kinga ya volteji ya chini isubiri fezi zote tatu zishuke. Fyuzi moja ya transfoma ya kupimia ikikatika, volteji mbili kati ya tatu za fezi kwa fezi huanguka hadi karibu asilimia 58, na rilei iliyopangwa "fezi yoyote" itazima kiwanda kizima kwa ajili ya fyuzi. Washeni pia usimamizi wa fyuzi ndani ya rilei, unaotambua fyuzi iliyokatika na kuzuia kinga isikate.

SWALI: *Shikamooni. Niko mafunzoni Lindi. Tuliweka volti 88 kama hiyo, rilei ikatripu papo hapo ingawa umeme ulikuwa mzima.*

JIBU: Marahaba. Rilei yenu inasoma fezi kwa nyutro, ambako volteji nzima ni volti 63.5, si 110. Kwake 88 haifikiwi kamwe, hivyo huona volteji iko chini daima. Badilisheni kipimo kiwe fezi kwa fezi. Kuna faida nyingine: pale ambapo nyutro haikuungwa moja kwa moja ardhini, fezi moja ikigusa ardhi, zile mbili nzima hupanda hadi mara 1.73 kwa kipimo cha nyutro, na kinga ya volteji ya juu ingekata bure.

SWALI: *Tunaendesha jenereta chache za gesi Mtwara. Tumepanga kukata mzigo, yaani kuzima fida moja moja frikwensi ikishuka, kwa hezi 49.0, 48.8 na 48.6, lakini jenereta moja ikitoka, fida zote tatu huanguka pamoja. Kwa nini?*

JIBU: Ngazi zenu zimebanana mno kwa mtandao mdogo. Kwenye gridi kubwa frikwensi hushuka taratibu, kwenu inaporomoka.

Fanyeni hesabu. Zidisha megawati zilizopotea kwa 50 (frikwensi ya kawaida). Kisha chukua mara mbili ya hali-mwendo ya mashine zilizobaki (inertia, yaani ukinzani wa mashine inayozunguka dhidi ya kubadili kasi), kwa sekunde, uizidishe kwa MVA zake (ukubwa wa mashine hizo), na ugawanye lile jibu la kwanza kwa hili. Mkipoteza megawati 2, zikabaki MVA 16 zenye hali-mwendo ya sekunde 1.5: 100 kwa 48, karibu hezi 2.1 kila sekunde.

Sasa jumlisheni muda: rilei kupima 0.1, kusubiri 0.2, breka kufunguka 0.08. Jumla 0.38, na humo frikwensi imeshuka hezi 0.8 nyingine. Ngazi ya 49.0 inapofungua kweli, mko 48.2, na zile mbili za chini zimeshaamka.

Tumieni ngazi mbili, 49.2 na 48.3, kila moja megawati 1, zote kwa sekunde 0.2. Ya kwanza itafungua karibu na 48.4. Mteremko utapungua nusu, na ya pili ikihitajika itafungua karibu na 47.9, juu ya 47.5 ambapo jenereta nyingi hujitoa. Gavana (kidhibiti kinachoongeza gesi kasi ya jenereta ikishuka) hatukuihesabu, kwa hiyo hali halisi itakuwa afadhali kidogo.

Fida ya kukatwa ichaguliwe kwa usomaji wa saa kwa saa. Yenye megawati 1 jioni huenda mchana ina 0.4. Yenye paneli nyingi za jua iacheni, maana mkiikata mnapoteza na uzalishaji. Inayolisha hospitali ya Ligula au pampu za maji isiguswe kabisa.

Wekeni kizuizi: volteji ikiwa chini ya asilimia 60, kinga ya frikwensi isifanye kazi, kwani wakati wa hitilafu kipimo chake hakiaminiki. Kama vipimo huja kwa mtandao wa data wa IEC 61850 (kanuni ya mawasiliano ya vifaa vya vituo vya umeme), chomoeni waya mmoja wa mtandao huo makusudi, kinga zikiwa kwenye hali ya majaribio. Rilei inapaswa kujizuia. Ikisoma sifuri na kutaka kukata, setingi ya ubora wa data haijawekwa.

Mwisho, jaribuni kwa mashine ya majaribio inayoingiza volteji kwenye rilei na kushusha frikwensi hezi 2 kwa sekunde. Ukiishusha kwa kuruka ghafla hadi 48, majibu ya rilei hayatafanana na yale ya siku jenereta itakapotoka.