Swali la fundi: Klampumita ipi ya kupimia umeme unaovuja?

Swali: Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kuna nyumba ambayo RCD yake (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 inajikata kila baada ya siku mbili tatu, mara nyingine usiku wa manane. Nimepima saketi zote kwa mega (kipima insulesheni ya nyaya) na zote ziko vizuri. Klampumita yangu, yaani mita ya taya inayobana waya, ni ya ampia 600, nikiibana inasoma sifuri. Nataka kununua ile ya kupimia uvujaji, ila bei zimepishana mno, na muuzaji anasema yoyote inayosoma hadi miliampia 0.1 inatosha. Ni kweli?

Jibu: Fundi mwenzangu, muuzaji amekuambia nusu ya habari.

Klampumita yako haina ubovu. Nyingi za ampia 600 husoma kwa hatua ya ampia 0.1, yaani miliampia 100. RCD itakuwa imekata zamani kabla tarakimu ya mwisho haijatikisika. RCD ya 30 haitakiwi kukata chini ya miliampia 15, na ifikapo 30 lazima iwe imekata. Mafundi wengi huhesabu kwamba uvujaji wa kawaida wa vifaa vyote usizidi asilimia 30 ya kiwango hicho, yaani miliampia 9. Ukikuta 12 au 13, hakuna waya uliochubuka pengine, ila friji ikishtuka kuwaka tu, umeme umekwenda.

Mega haikuonyeshi hayo. Yenyewe hupima kwa umeme wa DC, na tena vifaa huwa tumevichomoa. Vichujio vilivyomo ndani ya kompyuta, taa za LED na mashine za kufulia huvujisha kidogo kidogo kwenye ethi (waya wa ardhini) vikiwa vizima kabisa, na hujumlishana.

Kwa kusoma jumla kwenye ubao wa swichi, hatua ya 0.1 inatosha. Inapwaya ukianza kuwinda kifaa kimoja kimoja. Fungua kijitabu chake utazame usahihi, tuseme asilimia 1 jumlisha tarakimu 5. Tarakimu 5 kwenye hatua ya 0.1 ni miliampia 0.5, kwa hiyo kifaa kinachovujisha 1.0 unaweza kukisoma 0.5 au 1.5. Kwenye hatua ya 0.01, tarakimu hizo hizo ni 0.05. Mimi ningechukua ya 0.01.

Lakini tarakimu nyingi kwenye kioo si kazi kubwa kwa mtengenezaji. Kazi iko kwenye taya. Niliwahi kununua moja ya bei nafuu, nikaifunga bila kubana chochote kando ya waya mkuu wenye mzigo: ikasoma miliampia 11. Nikageuza kiganja kidogo, ikashuka hadi 4. Uvujaji haukuwepo, ilikuwa inavuta usumaku wa waya wa jirani. Siku hiyo nilikuwa nimeshafungua soketi tatu bure. Kwa hiyo jaribu hivyo hivyo kabla ya kulipa: ifunge tupu karibu na waya wenye mzigo, izungushe, uone inasoma nini. Tafuta pia iliyotengenezwa kwa kiwango cha IEC 61557-13, ambacho kiliandikwa mahsusi kwa klampu za uvujaji na kinagusa suala hili la usumaku wa nje. Na uifute midomo ya taya kila mara. Hata uzi mmoja wa shaba ukikaa katikati, taya hazifungi sawasawa na vipimo vinapotoka.

Upana wa taya wa milimita 30 unatosha nyumba ya fezi moja. Wa 40 ni wa fezi tatu, kwa sababu lazima ubane fezi zote na nyutro kwa pamoja, ethi ikibaki nje. Ukibana ethi peke yake hupati jumla, maana sehemu ya umeme unaovuja hupitia mabomba na vyuma vya jengo.

Iwe na kichujio cha 50/60 Hz cha kuwasha na kuzima. Ukisoma 14 bila kichujio na 5 ukikiwasha, ujue kuna kelele za masafa ya juu, kwa kawaida za kifaa chenye inveta. Iwe na alama ya TRMS (inasoma sawasawa hata wimbi la umeme likiwa limepinda), na CAT III, ambalo ni daraja la usalama, kwa kazi za kwenye ubao. Kwa hilo tatizo la usiku, unataka ya kushika kipimo cha juu kabisa, na uhakikishe unaweza kuizuia isijizime yenyewe. Nyingi hulala baada ya dakika chache, na asubuhi unakuta kioo kitupu. Nyingi ya hizi husoma AC pekee, kwa hiyo uvujaji wa DC, kama wa mitambo ya sola, hazitauona.

Kabla hujatoa hela, nikuulize: uliposhika mega, ulipima nyutro na ethi, au laivu na ethi tu? Nyutro ikigusa ethi mahali, RCD hukata pale mzigo mkubwa unapowaka, hata ukiwa kwenye saketi nyingine. Zima umeme, itenganishe nyutro na ile inayoingia, kisha pima kila saketi nyutro kwa ethi. Mega unayo tayari.