Upepo wa Kurzeme: kwa mnaoanza kufasiri fasihi

Wengi mnaonitafuta huanza kwa kuniuliza mnunue kamusi gani, au mchapishaji gani analipa bila kusumbua. Nitafika huko. Kwanza naomba mkae kidogo na mtu ambaye mimi nimekaa naye miaka mingi kwa njia ya vitabu tu: Knuts Skujenieks, mshairi na mfasiri wa Latvia.

Latvia ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, watu wake hawafiki milioni 2. Skujenieks alizaliwa Riga mwaka 1936, akasomea fasihi Moscow, na 1962, akiwa bado kijana kabisa, utawala wa Kisovieti ukamkamata kwa tuhuma za kuipinga dola. Akahukumiwa miaka 7. Aliitumikia katika kambi za wafungwa za Mordovia, ndani ya Urusi, akatoka 1969. Humo aliandika mamia ya mashairi, mengi akiyapeleka nyumbani kwa mkewe ndani ya barua. Alipotoka hakuruhusiwa kuyachapisha. Diwani yake ya kwanza ilitoka 1978, na mashairi ya kambini yakangoja mpaka 1990, dola ile ikiwa inabomoka. Katika miaka hiyo ya kungoja alifasiri. Alifasiri washairi wenzake: Lorca kutoka Kihispania, Ritsos kutoka Kigiriki, Lesya Ukrainka kutoka Kiukraine, na nyimbo za jadi za mataifa mengi ya Ulaya. Alifariki 2022, na hata leo Walatvia humtaja kwa mambo mawili kwa pamoja, ushairi na tafsiri, bila kuliweka moja chini ya jingine.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlishike tangu siku ya kwanza. Kwetu bado kuna dhana kwamba mfasiri ni mwandishi aliyekosa la kusema. Nimeambiwa hivyo usoni, kwenye mkutano wa waandishi, na mtu niliyemheshimu. Skujenieks alikuwa na la kusema, tena la kumfikisha kambini. Alipofungwa mdomo hakwenda kwenye tafsiri kama mtu anayekwenda kujihifadhi mvua ipite. Alikwenda kufanya kazi, na akaifanya kwa kujifunza lugha yenyewe ya mshairi anayemfasiri.

Na lugha alizipata wapi? Nyingine alizisoma kwa vitabu, kama sisi sote. Lakini kambi zile zilijaa Waukraine, Walithuania, Waestonia na wengine kutoka kila pembe ya dola, naye aliitumia miaka ile kusikiliza na kujifunza. Mimi kwa hili nina deni la kuwaonya. Nilipoanza, nilifasiri hadithi fupi kutoka Kirusi kwa kupitia Kiingereza, bila kumtafuta hata Mrusi mmoja wa kunisomea kwa sauti. Hadithi ilitoka, watu wakaisifu, na baada ya miaka miwili mwalimu mmoja aliyesoma Urusi akanikalisha chini akanionyesha kwamba bibi katika hadithi alikuwa akimbembeleza mjukuu wake pale ambapo mimi nilimfanya amkaripie. Kiingereza kilikuwa kimeipoteza sauti ile, nami sikuwa na njia ya kujua imepotea.

Katika nchi za Kisovieti utaratibu huu ulikuwa rasmi kabisa. Mjuzi wa lugha aliandaa tafsiri ya neno kwa neno, mshairi asiyeijua lugha hiyo akaipokea na kuitia vina. Yalitoka mashairi mazuri kwa njia hiyo, sikatai. Na najua kwamba wengi wenu mtapita kwenye Kiingereza mkitaka msitake, maana kamusi ya Kilatvia kwa Kiswahili huwezi kuikuta dukani. Basi mkipita, msipite peke yenu. Tafuteni mtu wa lugha ile, hata kwa simu, awasomee matini chanzi, yaani maandishi ya asili mnayoyafasiri, polepole mara mbili. Mara ya kwanza msiandike kitu. Sikilizeni pumzi inakatika wapi.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe, maana ushauri bila mfano huingia sikio hili ukatokea lile.

Walatvia wana hazina kubwa ya nyimbo fupi za jadi zinazoitwa daina. Krišjānis Barons alizipanga na kuzichapisha kati ya 1894 na 1915, jumla yake 217,996 ukihesabu na mbadala zake. Nyingi ni beti za mishororo 4. Karibu kila mshororo una mizani 8, na katikati, baada ya mizani ya 4, pana mkato. Hebu rudieni sentensi hiyo kwa utulivu. Mtu aliyelelewa na tarbia, shairi letu la mishororo 4, hapo moyo unamruka, kwa sababu kipande chetu, yaani nusu ya mshororo, nacho ni mizani 8. Vina hawavihitaji kama sisi, ila wanapenda maneno yanayoanza kwa sauti moja. Na mkazo wao uko kwenye silabi ya kwanza ya neno, wetu uko kwenye ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno letu la silabi mbili linapiga sawasawa na la kwao: vu-ma, cho-mbo, cha-ngu.

Wimbo mmoja wanaoupenda kupita kiasi, unaoimbwa watu wakiwa wamesimama, unaanza hivi: Pūt, vējiņi, dzen laiviņu, aizdzen mani Kurzemē. Mtu anauomba upepo uvume, usukume mashua, umfikishe Kurzeme, ambalo ni jimbo la magharibi lenye pwani ndefu. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani kazi ni ya nusu saa. Upepo, mashua, bahari. Mtu wa pwani atashindwaje?

Nilishindwa kwenye kiungo kidogo: -iņ-. Upepo kwa kawaida ni vējš, mashua ni laiva. Ndani ya wimbo vimekuwa vējiņš na laiviņa, yaani vimepewa udogo. Nami nikaona udogo tunao, ki- ipo kwa ajili hiyo. Rasimu yangu ya kwanza ikawa:

Vuma weye kiupepo,
kimashua sukumiza,
nipeleke Kurzeme.

Mizani ilikaa. (Kurzeme kwa ulimi wetu hutamkwa na silabi nne, Kuruzeme, na hilo lilinifaa.) Nikampelekea bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa bado hai wakati huo, mwana wa nahodha. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, huo upepo umekukosea nini?"

Hakuna mhariri aliyewahi kunifundisha kwa swali fupi kama lile. Udogo wa Kilatvia ni wa mapenzi. Udogo wa ki- yetu, ukiupachika kwenye kitu ambacho si kidogo, ni dharau, na baharini hakuna anayeudharau upepo anaouomba. Nikatafuta mahali ambapo Kiswahili huweka mapenzi yake. Si kwenye kiambishi. Yapo kwenye "wangu", kwenye "ewe", kwenye namna tunavyoita. Nilijaribu "pepo zetu", mizani ikakubali, lakini pepo kwetu ni pia wale wanaopungwa kwa ngoma, nikalitoa. Nilijaribu kuuita upepo "kusi", nikalifuta siku hiyohiyo, kwa sababu kusi ni wa Bahari ya Hindi na una miezi yake, Kurzeme haufiki. Jahazi pia nililitoa, maana msomaji angeona tanga letu. Wanamaji wetu husema tu "chombo", na neno hilo halina bendera ya nchi yoyote. Mwisho nikapata:

Vuma, wangu we upepo,
kisukume chombo changu,
nifikishe Kurzeme.

Mtaona kwamba mshororo mmoja wa Kilatvia umekula vipande viwili vya Kiswahili. Nimekubali hasara hiyo. Maneno yao ni mafupi, yetu hubeba mizigo mgongoni, na ukilazimisha urefu ulingane utaitupa mizigo baharini. Kazi ile ya nusu saa ilichukua miezi minne, si mfululizo, ila kila nilipokuwa safarini niliirudia mdomoni.

Mambo mengine nitayapita haraka. Majina ya kigeni, ya watu na ya miji, katika Kilatvia huandikwa kwa tahajia yao na kutiwa mwisho wa kisarufi, kwa kuwa nomino zao hubadilika kufuatana na kazi yake katika sentensi. Shakespeare ni Šekspīrs. New York ni Ņujorka. Ukifasiri kutoka kwao lazima uyarudishe majina nyumbani kwake kabla hujampa msomaji wako, la sivyo utamzulia Mwingereza mpya. Na mume akiitwa Ozols, mke wake ni Ozola. Andika maelezo mafupi au msomaji atadhani ni koo mbili. Mimi hufungua daftari la majina siku ya kwanza, kabla ya kufasiri hata aya moja.

Kuhusu maneno mapya, msiogope, lakini yachimbeni ndani. Rainis, mshairi wao mkubwa, alifasiri Faust, tamthilia ya Mjerumani Goethe, mwishoni mwa miaka ya 1890, sehemu ya kazi hiyo akiwa jela, akisaidiwa na Aspazija, mshairi mwenzake ambaye akawa mkewe. Wakati ule Wajerumani wengi wa Baltiki walikiona Kilatvia kuwa lugha ya mashambani. Tafsiri ile ilikitanua, na maneno aliyoyaunda na kuyafupisha mengine yamebaki katika matumizi. Kwetu Nyerere alifanya jambo la jamii hiyo alipomleta Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963. Angalieni pia kwamba Rainis hakuwa peke yake mezani. Tafuteni Aspazija wenu: mtu mwenye sikio, asiyeogopa kukukatalia.

Sasa fedha. Niliwahi kumfasiria mchapishaji mmoja kitabu kizima bila mkataba, kwa maneno ya mdomo, nikalipwa nusu baada ya miezi 14. Usianze bila karatasi iliyotiwa saini. Ndani yake muafikiane hesabu ni ya nini. Katika mfumo wa Kisovieti kipimo kilikuwa herufi 40,000 pamoja na nafasi kwa nathari, au mishororo 700 kwa ushairi, na busara ya kipimo hicho ni kwamba hakihesabu maneno. Sisi tukilipwa kwa idadi ya maneno ya Kiswahili tunaumia. "Nisingalimwambia" ni neno moja. Kiingereza huhitaji sita kulisema. Daini malipo kwa hesabu ya matini chanzi, au kwa herufi. Na mkipata nafasi ya kwenda kukaa mahali pa kufanyia kazi, ombeni. Ventspils, palepale Kurzeme, kuna nyumba ya kimataifa ya waandishi na wafasiri iliyofunguliwa 2006, na nyumba za namna hiyo zipo nchi nyingi.

Mmoja wenu aliniuliza juzi kama ule wimbo nimeumaliza. Bado. Mbele yake mama wa Kurzeme, aliyekuwa ameahidi kutoa binti yake, anakataa, na sababu anayotoa ni kwamba kijana ni lielu dzērājiņu. Lielu ni mkubwa. Dzērājs ni mlevi, naye hapa katiwa -iņ- ileile ya upepo na mashua. Mlevi mkubwa, aliyesemwa kwa udogo wa mapenzi, na kijana mwenyewe, akiirudia lawama hiyo kwa kuimba. "Kilevi" ni tusi. "Mlevi wangu" inamgeuza mama kuwa mchumba. Bibi yangu hayupo tena wa kumsomea. Mshororo huo katika daftari langu nimeuandika kwa penseli mara sita, na wa saba nimeacha nafasi.