Muulize Fundi: Laptopu ya steshenari inalemewa, niweke antivirusi gani ya bure?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari Nyegezi, kwenye njia wanayopita wanafunzi wa chuo. Laptopu yangu ni Dell Latitude E6430, niliinunua imeshatumika. RAM ni GB 4, diski (hard disk) ni ya kawaida, Windows 10. Kutwa nzima inapokea flashi za watu. Virusi vilipoanza kunisumbua, kijana mmoja akaniwekea antivirusi ya majaribio, ikaisha muda. Mwingine akaja akaongeza ya bure juu yake, akasema mbili ni bora kuliko moja. Sasa nikiiwasha asubuhi nafagia duka, natoa meza nje, napanga karatasi, bado haijatulia. Mteja anataka kurasa mbili tu, laptopu imeganda, anaondoka. Nataka antivirusi moja nyepesi, ya bure, isiyonimalizia bando. Niweke ipi?
Mama Steshenari, Nyegezi

JIBU: Usiweke yoyote kwanza, mama. Ondoa.

Windows 10 inakuja na antivirusi yake ndani, Microsoft Defender, na huilipii hata shilingi. Sasa hivi imelala, kwa sababu ukishaweka ya kampuni nyingine hiyo ya kwao hujizima ili zisigongane. Hizo mbili ulizowekewa, kwa upande mwingine, hazijui kupishana. Kila moja inataka kulikagua faili kabla halijafunguka, na faili ni lile lile. Ni sawa na daladala ya Buhongwa yenye makonda wawili mlangoni, kila mmoja anadai nauli kwa abiria yule yule. Abiria hapandi, gari haliondoki. Aliyekwambia mbili ni bora kuliko moja hakuwa na nia mbaya, ila ushauri huo upo mjini tangu enzi za Windows XP na sijui nani anaufuga.

Fungua Settings, ingia Apps, itafute ile iliyokwisha muda, bonyeza Uninstall, uwashe upya mashine. Kisha ya pili, hivyo hivyo. Usiende kufuta folda kwa mkono ndani ya Program Files, utaacha mizizi na utazidi kuumia. Ikigoma kutoka, kampuni kubwa za antivirusi huwa na kiprogramu maalumu cha kung'olea bidhaa yao. Kichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, siyo kwenye zile kurasa zenye vitufe vinne vya kijani vilivyoandikwa Download. Ukimaliza, fungua Windows Security, sehemu ya Virus & threat protection. Ukikuta alama ya vema ya kijani, Defender imeamka.

Nisikudanganye lakini. Defender siyo unyoya. Siku laptopu ikiganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona Task Manager. Angalia safu ya Disk. Ikisoma asilimia 100 na juu kuna jina la Antimalware Service Executable, ujue ndiyo yenyewe inakagua. Unaweza kuifunga gavana. Bonyeza kulia kwenye Start, fungua PowerShell kama Administrator, andika mstari huu kama ulivyo:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Hapo umeiambia kwamba inapofanya ukaguzi wa ratiba isizidi wastani wa asilimia 20 ya nguvu za prosesa. Ilivyotoka kiwandani ni 50. Ukaguzi utachukua muda mrefu zaidi, lakini utaprinti huku ukiendelea.

Kuhusu bando: Microsoft wanatoa faili linaloitwa mpam-fe.exe lenye taarifa zote mpya za virusi kwa pamoja. Linazidi MB 100, kwa hiyo usilivute kwa bando la mchana. Lipakue kwenye tovuti yao ukiwa mahali penye waifai, au kwa bando la usiku, libebe kwenye flashi yako mwenyewe, ulifungue dukani kwa kubofya mara mbili. Liwe jipya kila ukilichukua. La mwezi jana halina maana.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, maana laptopu ya steshenari hata ukiiwekea antivirusi ya ikulu, mlango wake ni flashi. Wewe mwenyewe umeshaiona hii: mwanafunzi anakupa flashi, unafungua, unakuta folda zake zote zipo, RIPOTI, PICHA, FIELD, ila kila moja ina kimshale kidogo pembeni, na ukiangalia ukubwa ni KB 1 au 2. Hizo siyo folda. Ni njia za mkato. Folda zake halisi zimefichwa, na ukibofya hiyo ya mshale unawasha kirusi kwanza, halafu ndipo kinakufungulia folda ili usishtuke. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwako inaondoka nacho, na steshenari tatu za jirani zinapata mgao jioni hiyo hiyo. Kipindi cha kukusanya ripoti za field ndiyo balaa lenyewe.

Kwa hiyo jizoeze hivi. Flashi ikiingia, usiifungue kwa kubofya mara mbili. Nenda This PC, bonyeza kulia juu yake, chagua Scan with Microsoft Defender, subiri. Mteja akinuna mwambie ni utaratibu wa duka. Kisha kwenye dirisha la mafaili, menyu ya View, weka tiki kwenye File name extensions na Hidden items. Ukishafanya hivyo, faili linalojifanya RIPOTI litaonekana kuwa ni RIPOTI.exe (njia ya mkato haionyeshi .lnk yake hata hapo, utaijua kwa kimshale), na folda za kweli zilizofichwa zitaonekana kwa rangi iliyofifia. Ikiwa bado hazionekani, fungua Command Prompt, andika (kama flashi imepewa herufi E):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zitarudi. Futa za mishale, baki na folda. Nimewaona vijana wakiformati flashi ya mtu yenye utafiti wake mzima kwa sababu «imeliwa na virusi», na kumbe kila kitu kilikuwemo, kimejificha tu. Hilo linaniuma kuliko virusi vyenyewe.

Halafu kuna jambo sijaliona kwenye barua yako, ila nitaliuliza: hiyo Windows ilipigwa na nani, na iliaktivishwa vipi? Kama ni kwa kreki, ile ambayo kabla ya kuifungua inakuambia «zima antivirusi kwanza», basi unamfungulia mlango mtu usiyemjua kisha unaniuliza kufuli gani ni nyepesi. Vivyo hivyo Office. Kwa kazi ya kuprinti na kuchapa barua, LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua mafaili ya Word, ingawa mpangilio wa jedwali huyumba mara nyingine.

Ukitaka kubadilisha Defender kwa sababu zako, Bitdefender wana toleo la bure lisilo na mambo mengi, na AVG na Avast wapo pia. Usipoteze muda kuwalinganisha hao wawili. Avast iliinunua AVG mwaka 2016, na leo wote, pamoja na Avira na Norton, wapo chini ya kampuni moja, Gen Digital. ClamWin nayo inasifiwa kuwa nyepesi, na ni kweli, kwa sababu hailindi muda wote: inakagua pale tu unapoiambia. Haikufai kwa duka. Malwarebytes ya bure, muda wa majaribio ukiisha, ni ya kukagua kwa kuagizwa vilevile, lakini hiyo naipenda kama jicho la pili; iwashe mara moja moja, Defender ikiwa kazini.

Mwisho, mama, pesa yako ikipatikana usinunue antivirusi ya kulipia. Nunua SSD, diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Mashine yako ni ya 2012, diski za kawaida za laptopu za wakati ule nyingi huzunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na hapo ndipo asubuhi yako inapopotelea. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inaingia pale pale ilipotoka hiyo ya zamani. RAM ya DDR3 nyingine ya GB 4 ifuate baadaye.

Ila ujue Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali prosesa yako kirasmi. Taarifa za virusi za Defender wameahidi kuendelea kuzitoa kwa Windows 10 hadi Oktoba 2028, na kuna mpango wa kuongezewa viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Utaukuta ndani ya Windows Update, jisajili. Antivirusi haizibi tundu la Windows yenyewe. Inamkamata mwizi akishaingia, kama inamjua.

SWALI: Fundi, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hesabu zangu ziko kwenye laptopu. Nimeambiwa antivirusi za bure zinauza siri za watu. Ni kweli au ni maneno ya kijiweni?

JIBU: Yamewahi kuwa kweli. Avast ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza taarifa za tovuti ambazo watumiaji walikuwa wakizitembelea. Waandishi wa habari wakaifichua, ikafungwa Januari 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Vilivyouzwa ni nyendo za watu mtandaoni, siyo madaftari ya hesabu. Ukiweka antivirusi yoyote ya bure, ingia kwenye Privacy uondoe tiki zote za kushirikisha taarifa, na kiongezo cha brauza kinachokuja nayo kikatae. Hesabu za dagaa ninaziogopea zaidi kupotea kuliko kuibwa. Nakili kwenye flashi moja isiyochomekwa mashine ya mtu mwingine.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, Sengerema. Laptopu ina RAM GB 2 na Windows 7. Naitumia kutunga mitihani tu. Kila antivirusi ninayoweka inakataa au inaizima kabisa. Kuna iliyo nyepesi zaidi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hakuna ninayoweza kukupa kwa roho safi. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na GB 2 hazitoshi kubeba Windows, Word na mlinzi kwa wakati mmoja.

Jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. GB 2 ndicho kiwango chake cha chini, kwa hiyo usitarajie kufungua kurasa kumi za intaneti, lakini kutunga mtihani kwenye LibreOffice itaweza. Vile virusi vya mishale nilivyomweleza mama wa Nyegezi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, huko haviwaki. Vinaweza tu kubaki kwenye flashi vikasubiri laptopu ya mwenzako, kwa hiyo ukiona faili la .lnk lifute. Mitihani uitoe kwa PDF ili printa ya shule isikuvurugie namba za maswali.

Uzuri ni kwamba unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Ukiona waifai inashika, herufi zinaonekana na printa inakubali, ndipo uamue. Kama huna wa kukusaidia huko, siku ukija mjini Mwanza pita na laptopu. Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, hakuna tena kusubiri kivuko. Njoo na chaja, na flashi ya GB 8 iliyo tupu, maana kuiandaa kunafuta kila kilichomo.