Esansi Inaishia Mguuni: Majibu kwa Wenye Magari

Maswali yamekuwa mengi safari hii, na nusu yake ni lilelile la esansi, yaani petroli: "Gari yangu inakula sana, nifanye nini?" Hakuna aina ya gari, hakuna mwaka, hakuna lita. Hayo nimeyaweka kando. Anayetaka jibu aseme anaendesha gari gani, inatembea barabara zipi, na mipira yake ina upepo kiasi gani. Kama la upepo hulijui, basi jibu lako limeanzia hapo.

"Nina Toyota IST, natoka Katuba kwenda katikati ya mji kila siku. Mekanisye anasema inakula kupita kiasi. Nitajuaje kama ni kweli?" (Msomaji, Katuba, hapa Lubumbashi)

Hilo halihitaji mekanisye. Jaza tanki mpaka pampu ya stesheni ijikate yenyewe, kisha andika kilometa zilizo kwenye konta. Tembea kama kawaida yako mpaka tanki lishuke chini ya nusu, rudi stesheni ileile, jaza tena mpaka ikate. Lita za mara ya pili gawanya kwa kilometa ulizotembea, zidisha mara 100. Ukitia lita 28 baada ya kilometa 350, gari yako inakula lita 8 kwa kilometa 100. Kwa IST ya mjini, yenye kusimama kila njia panda, hakuna cha kulalamikia. Ukipata 12, hapo tuna mazungumzo.

Ila kama unanunua kwa kadafi, yule muuza esansi wa barabarani, hesabu hii haitakusaidia. Bidoni lake hujui limejaa kiasi gani, na hujui kama humo mna esansi tupu au imelainishwa na mafuta ya taa. Watu wanakwepa foleni ya stesheni, halafu wanakuja kuniuliza kwa nini moteri (injini) inagonga.

"Mipira yangu ya mbele imelika pande zote mbili, nje na ndani, katikati bado ina meno. Kwado (fundi wa mipira) anasema ni ubaya wa mipira ya China." (Kampemba)

China haihusiki hapa. Mpira ukilika kingo zote mbili, umetembea bila upepo wa kutosha. Ukilika katikati peke yake, umejazwa kupita kiasi. Ukilika ukingo mmoja tu, nenda ukapime paralelismu, yaani mwelekeo wa magurudumu. Ukiwa na mabonde mabonde kuzunguka, angalia amortisa (shokomzoba). Kwado anayafahamu haya yote, lakini mteja anayenunua mipira mipya anampa riziki kuliko anayekuja kupima upepo.

Ugonjwa wetu hapa Lubumbashi ni kupima upepo kwa kiatu. Mtu anatoka nyumbani, anapiga mpira teke, anasikia "duu", anaondoka. Mpira wa siku hizi unaweza kupoteza robo ya upepo wake na bado ukaonekana mzuri na kulia vizuri. Nunua manometa (kipima upepo) yako mwenyewe, uiweke ndani ya gari. Ile ya kwado imeanguka chini mara nyingi, na mwenyewe hajali inasema nini.

Sasa, utie kiasi gani? Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo, pale mlango unapofungia. Gari ya Japani ina kibandiko hapo. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba ni namba: utaona vipimo vya mpira na pembeni yake 220, 230 au 240 ikifuatwa na kPa. Gawanya kwa 100. 220 ni bar 2.2, yaani zile ambazo kwado anaziita kilo mbili na kidogo. Usichukue namba iliyoandikwa ubavuni mwa mpira wenyewe. Ile ni kikomo ambacho mpira unaweza kubeba, haiambii gari yako inataka nini. Kuna vijana wanajaza mpaka kwenye kikomo hicho wakidhani wanaokoa esansi, halafu wanashangaa gari inarukaruka na freni hazikamati kwenye changarawe.

Pima asubuhi, gari haijatembea. Mpira ukishakimbia unapata moto, upepo unapanda, na ukiutoa hapo umejipunja. Majira nayo yana neno lake: joto likibadilika nyuzi 10, upepo unabadilika kwa kiasi cha bar 0.1. Aliyejaza Oktoba jua kali, akaja kupima Juni alfajiri wakati watu wote wamevaa makoti, atakuta umepungua bila msumari wala mwizi.

Kuhusu esansi yenyewe, nisiwadanganye. Wamarekani wamepima: kila psi 1 (kipimo chao cha upepo, karibu bar 0.07) inayokosekana kwenye mipira yote minne inapoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta. Mwezi mmoja hutaiona mfukoni. Utakachokiona ni mpira uliokufa kabla ya siku zake, na mpira unalipwa kwa dola.

"Azoti (naitrojeni) ndani ya mipira ni bora kuliko upepo wa kawaida?" (Golf)

Upepo wa kawaida ni azoti kwa asilimia 78, na kwado anakutilia kwa bei ndogo.

"Jambo yako Papa. Gari yangu ilichemka, nikaipeleka garaji. Wakatoa termostati, wakaniambia huku Afrika haina kazi, ni ya nchi za baridi. Kweli haichemki tena, lakini esansi inaisha haraka kuliko zamani." (Mama mmoja, Bel-Air)

Jambo sana Mama. Swali hili nimekuwa nikilingoja, kwa sababu garaji zetu zimejaa ndoo za termostati zilizotupwa.

Termostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji. Moteri ikiwa baridi inaufunga, maji yasiende kwenye radiyeta, ili moteri ipate joto upesi. Inapofika nyuzi 80 na kitu, inafungua. Ukiitoa, maji yanazunguka tangu dakika ya kwanza, na moteri inakawia kufika joto lake. Asubuhi ya Juni, kwa safari fupi ya Bel-Air mpaka mjini, huenda isifike kabisa. Kompyuta ya gari inasoma joto la maji, inaona moteri bado baridi, inaendelea kumwaga esansi ya kuamshia. Esansi isiyoungua inateremka ukutani mwa silinda mpaka kwenye mafuta ya moteri. Kwa hiyo Mama unalipa mara mbili: kwenye stesheni leo, na kwenye moteri baadaye.

Na ugonjwa ulioichemsha gari bado uko pale pale. Inawezekana radiyeta imezibwa na vumbi na matope, au feni haigeuki, au kifuniko cha radiyeta kimelegea, au ndani kumetiwa maji ya bomba mpaka yakaleta kutu. Hapa tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 96, hayangoji 100. Ndiyo maana kifuniko kinachoshika mgandamizo, na maji ya radiyeta yenye dawa yake, si anasa kwetu.

Rudi huko, waambie wairudishe. Wakisema imekufa, waombe wakuonyeshe: ining'inizwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko. Maji yakikaribia kuchemka, kile kisahani cha katikati kinatakiwa kusogea na kufungua mlango mbele ya macho yako. Kisiposogea, nunua mpya. Ni kifaa cha bei ndogo.

Mafundi haohao wana tabia nyingine: kumtilia kila mteja mafuta mazito ya 20W-50, hata kwa Vitz ambayo kitabu chake kinataka 5W-30. "Hapa kuna joto, Mama." Moteri iliyochoka sana, inayokula mafuta, hiyo tutaizungumza. Moteri nzima inataka yake, na mafuta mazito yanaipa kazi ya bure kila asubuhi.

"Nafanya Lubumbashi–Likasi. Kwenye miteremko natoa vitesi (gia), gari inashuka yenyewe, naokoa esansi. Jirani anasema nakosea." (Shofa, Ruashi)

Jirani yako amekushinda. Gari yenye enjeksyo, ambayo kompyuta ndiyo inaipimia esansi, yaani karibu zote zilizobaki barabarani, ukishuka na vitesi ndani huku mguu umeutoa kwenye pedali, kompyuta inakata esansi kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha moteri. Ukitoa vitesi, moteri inabidi iungurume yenyewe, na kwa hiyo inakunywa. Hesabu hiyo ilikuwa ya babu zetu wenye karbureta. Zaidi ya esansi, umebaki na freni peke yake, na freni zikipata moto kwenye mteremko mrefu zinakuacha.

Kama kweli unatafuta esansi kwenye njia ile, iko kwenye mguu wa kulia. Lubumbashi–Likasi ni kilometa 120 hivi. Kwa 110 unafika dakika kama 25 mapema kuliko kwa 80, ukibahatika kutopata lori mbele, nawe unajua hutabahatika. Wakati huohuo upinzani wa upepo kwa 110 ni karibu mara mbili ya ule wa 80. Na ile mizigo unayofunga juu ya paa, magunia na magodoro, inaweza kukuongezea asilimia 10 mpaka 25 ukiwa mbio. Kinachoweza kuingia ndani, kiingie ndani.

Mjini nako, anayekanyaga kwa hasira halafu akafunga freni mita 50 mbele anachoma esansi na mipira kwa pamoja. Lori limesimama mbele, umeliona, ya nini kuongeza?

"Kuna vidonge na sumaku za kupunguza matumizi ya esansi zinauzwa sokoni. Zinafanya kazi?" (watu wengi mno)

Hapana. Idara ya mazingira ya Marekani imechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo, na vilivyoleta faida yoyote ni vichache mno, tena faida yenyewe kidogo. Msiniulize tena.

"Ninunue mipira ya okazyo (iliyotumika) ya Ulaya au mipya ya China? Bei inakaribiana." (Kamalondo)

Mipya, mwanangu, mradi saizi na uwezo wa kubeba uwe ule wa gari yako. Okazyo inakuja na meno mazuri na rangi imepakwa iking'aa, lakini hakuna anayekuonyesha umri. Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wa mstari kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Ukiziona tatu tu, rudisha mpira huo haraka, ulizaliwa kabla ya mwaka 2000. Kuna mipira inayokuwa na DOT kamili upande mmoja tu, kwa hiyo geuza utazame na upande wa pili kabla ya kubishana na muuzaji.

Mpira uliopita miaka 10 sitii kwenye gari, hata ukiwa na meno kama wa dukani. Kamba za ndani zimechoka, gundi imekauka, na utapasuka kwenye barabara ya Kolwezi ukiwa na watoto nyuma. Ukinunua mizuri, hamisha ya mbele nyuma kila kilometa 8,000 au 10,000, na usingoje meno yafike sifuri: zile nundu ndogo ndani ya mifereji zinaonyesha milimeta 1.6, ukilingana nazo kazi imekwisha.

"Mpira wa tubeless umechanika ubavuni, kwado ametia mpira wa ndani. Inafaa?" (Ruashi)

Inafaa kukufikisha nyumbani polepole. Ubavu hauzibwi.

"Kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa tunasimama muda mrefu. Tajiri analalamika kuhusu mazutu (dizeli). Kuzima na kuwasha si ndiko kunakula zaidi?" (Shofa wa lori)

Tajiri ana haki safari hii. Moteri kubwa ya lori ikiunguruma imesimama inakunywa karibu lita 3 kwa saa. Saa kumi za foleni ni lita 30, na hujasogea. Kuwasha tena hakuli mazutu ya maana. Kama unaogopa betri haitawasha, basi tatizo ni betri. Na wakati umesimama, shuka utazame kati ya mipira pacha ya nyuma. Jiwe lililokwama pale linakata mipira miwili kwa mkupuo, na hulisikii ukiwa kabini.

"Asubuhi za baridi naacha gari iungurume robo saa kabla ya kuondoka." (Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi)

Nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu. Inapata joto upesi zaidi ikitembea.

"Vumbi la kiangazi linaziba filta ya hewa. Nikiisafisha, nitaokoa esansi?" (Annexe)

Kwa gari ya enjeksyo, esansi hutaiona tofauti. Gari itapata nguvu, basi. Lakini isafishe au ibadilishe hata hivyo, kwa sababu vumbi jekundu la barabara zetu likipita hapo linasaga silinda. Puliza kutoka ndani kwenda nje, kompresa ikiwa imepunguzwa nguvu, na usiioshe kwa esansi. Ikiwa na tundu, hata dogo, tupa.

"Volani (usukani) yangu iko kulia. Inaongeza matumizi?" (Kamalondo)

Yenyewe haiongezi. Unavyoendesha nayo ndiko kunakoongeza. Huku kwetu tunatembea kulia, kwa hiyo umekaa upande wa majani, huoni mbele ya lori, kwa hiyo unalibana, unachungulia, unakanyaga, unarudi, unafunga freni, mpaka Likasi. Acha nafasi, utaona mbali zaidi hata ukiwa kulia. Na kwa kuwa umelitaja: taa zako zilitengenezwa kwa nchi ya kutembea kushoto, zinapiga juu upande wa kushoto, yaani machoni mwa anayekuja. Modeli nyingi zina taa za kutembea kulia. Uliza kwa wauza vipuri kabla polisi wa rulaji (wa barabarani) hawajakuuliza wewe.