Uliza Mama Taa: Nani kagusa kyu zangu?

Shikamoo Mama Taa. Naendesha bodi ya taa kwenye kikundi chetu cha tamthilia, huu mwezi wa pili. Juzi mazoezini mwongozaji alitaka bluu ya pembeni kwenye kyu ya 12 (kyu ni badiliko la taa lililohifadhiwa kwa namba). Nikaiweka, nikahifadhi, akaridhika. Jana tumeendesha mchezo mzima: bluu imeanza kyu ya 12 na haikutoka mpaka ya 20, hata kwenye onyesho la sebuleni mchana kweupe! Kyu hizo nyingine naapa sikuzigusa, na wenzangu wote wananitazama mimi. Nani kazigusa?
*Nashukiwa Bure*

Marahaba mwanangu. Umezigusa wewe, ila usinune, maana hujui ulizigusaje.

Bodi yako haihifadhi picha ya jukwaa. Inahifadhi mabadiliko. Kwenye kyu ya 12 uliiambia bluu iwe asilimia 60, ikaandika. Ikafika ya 13, ikauliza: kuna neno lolote hapa kuhusu bluu? Hakuna. Basi ibaki ilivyo. Ya 14 vilevile. Zamani bluu ilikuwa sifuri tangu mwanzo wa mchezo, na kyu zote zilikuwa zinaifuata sifuri hiyo bila kuitaja. Wewe ukaibadilisha huku nyuma, za mbele zikafuata. Imezimika kwenye ya 20 bila shaka kwa kuwa pale mna blakauti, yaani giza la jukwaa zima, na blakauti inazitaja taa zote. Ukimtuma mtoto afungue dirisha, hatalifunga mpaka umtume tena, hata mvua ikiingia hadi kitandani. Mafundi tunaiita trakingi.

Nakuelewa, kwa sababu nami ilinitoa jasho. Nilijifunzia kwenye bodi ya safu mbili, fada (vitelezo vya kupandisha na kushusha mwanga) 24 juu na 24 chini. Safu ya juu inawaka, huku unapanga picha ijayo kwa mkono kwenye safu ya chini, halafu unavusha. Kila picha inaanza upya, usichokipandisha hakiwaki. Nilipokalishwa mbele ya bodi ya kumbukumbu nikaendelea kufikiri kwa picha. Kyu ya 23 mhusika mmoja alikuwa amekaa peke yake usiku, nikamtilia nyekundu kwenye chaneli 14, asilimia 15 tu, kama makaa yanayofifia. Ilipendeza. Kyu ya 31 bibi harusi akaingia na gauni jeupe, nalo likawa la waridi. Aliyelishona alinifuata hadi kwenye bodi baada ya pazia kufungwa, akaniuliza nimelifanya nini gauni lake.

Sasa dawa. Usizipitie kyu saba kufuta bluu moja baada ya nyingine. Nenda ya 13, iandikie bluu sifuri, hifadhi. Za mbele zitafuata zenyewe. Angalia lakini: kuandika sifuri na kufuta si kitu kimoja. Ukifuta umeinyamazisha kyu, na kyu iliyonyamaza inafuata ya nyuma yake, kwa hiyo bluu itakurudia palepale.

Siku nyingine kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, jiulize badiliko hili liishie wapi. Kama ni la kyu hiyo peke yake, hifadhi kwa "kyu onli": bodi itaweka badiliko kwenye 12, kisha yenyewe itairudisha bluu ilipokuwa kwenye 13. Kama ni la onyesho zima, liache litiririke. Na mwanzo wa kila onyesho weka bloku, yaani kyu inayotaja kiwango cha kila taa, hata ambayo haibadiliki. Chochote kinachotiririka kutoka nyuma kitagonga ukuta hapo. Kwa bloku moja pale mwanzo wa harusi, gauni lingebaki jeupe.

Wapo watakaokushauri uizime trakingi kabisa. Mimi sikushauri. Subiri mwongozaji aseme, saa moja kabla ya watu kuingia, kwamba usiku wote wa sehemu ya pili una giza mno. Mwenye trakingi anarekebisha kyu moja, mwenye picha anarekebisha kumi na tano huku mlango unagongwa. Na mambo haya si ya jana: mwaka 1975, Tharon Musser alipobuni taa za mchezo wa muziki *A Chorus Line*, bodi ya kompyuta yenye kumbukumbu iliingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo kumbukumbu ilikuwa karatasi na mikono ya watu.

Ukimaliza yote hayo na bluu bado ipo, tazama fada ndogo za pembeni. Kwa mwanga, bodi nyingi hufuata kanuni ya mkubwa ndiye mshindi: kyu ikisema sifuri na fada uliyoisahau ikasema 30, taa inawaka 30. Nimeona marehemu akiendelea kumulikwa kwenye blakauti kwa sababu hiyo, naye akashindwa kujizuia kujikuna.

Mama Taa, tuna taa nane za kuzungusha. Tano za mwanzo hazitetemeki. Tatu za mwisho zinatetemeka na kugeuka bila kutumwa, ila ya tatu kutoka mwanzo wa mstari inabadilisha rangi kila nikigusa ya pili. Kila taa inatumia chaneli 16 (ya mwanga, ya rangi, ya kuzunguka, na kadhalika). Waya tumeazima kwa watu wa sauti, plagi zinaingia vizuri tu. Tununue bodi mpya?
*Wa Taa Nane*

Msinunue kitu. Una magonjwa mawili, na bodi ni mzima.

La kwanza ni hesabu. Ya kwanza ikianzia anwani 1, inakaa 1 hadi 16. Ya pili ianzie 17, iishie 32. Ya tatu ianzie 33. Nakuwekea dau kwamba yenu imeandikwa 32, kwa hiyo chaneli ya mwisho ya pili ndiyo ya kwanza ya tatu. Panda ngazi ukasome kioo kidogo cha taa yenyewe, usiamini karatasi.

La pili ni huo waya wa kuazima. Plagi ya pini tatu ya maikrofoni inaingia, ndiyo, lakini kuingia si kufaa. DMX, yaani ishara ambayo bodi inazitumia taa kuziamrisha, inataka waya wa takriban ohmu 120, nao wa maikrofoni haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa mita chache utakudanganya, ukiongeza urefu na taa ishara inaharibika. Halafu ishara ikifika mwisho wa mstari bila kitu cha kuimeza, inarudi nyuma na kugongana na zinazokuja, na ndiyo maana zinazoumwa ni za mwisho. Kwenye taa ya nane chomeka taminata: plagi yenye rezista moja ya ohmu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3. Fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu ataiunga kwa dakika tano.

Na msigawanye mstari kwa waya wa panda. Mkitaka matawi mawili, tumieni kigawanyi chenye umeme wake. Ishara ya DMX haina namna ya kuhakiki kama imefika salama. Bodi inasema, mpaka mara 44 kwa sekunde mstari ukiwa umejaa, na taa inatii chochote ilichodhani imesikia. Kwa sababu hiyohiyo usije ukakubali mtu akuunganishie fataki au winchi kwenye mstari huo.

Nikisikia "stendibai", yaani jiandae, kwenye hedifoni vidole vinatetemeka, nabonyeza kabla ya wakati. Juzi nilibonyeza mara mbili. Nifanyeje?
*Kidole Chepesi*

Kidole kikae kando ya kitufe, kisikae juu yake. Ukiambiwa "stendibai, kyu ya taa 27", jibu "stendibai", tazama kioo kwamba inayosubiri ni 27 kweli, kisha nyamaza. Unabonyeza kwa neno "go" tu, hubonyezi kwa namba. Kwa hiyo neno hilo lisitamkwe hedifoni kwa jambo lingine lolote, hata kwa utani. Nimewahi kuona pazia likifunguliwa kwa sababu ya mtu aliyekuwa anasimulia safari yake.

Ukibonyeza mara mbili, usikimbilie kurudi nyuma, maana hadhira iliyokuwa haijaona kosa italiona taa zikirudi. Kwenye bodi nyingi, bonyezo la kwanza la "stop" linasimamisha mabadiliko pale yalipofika. Yasimamishe, mwambie msimamizi wa jukwaa kwa maneno machache, "nimeruka, niko 28", naye ataamua. Mara nyingi atakwambia ubaki hapohapo hadi waigizaji wakufikie.