Kwa dola 1,800 kwa mwezi, anza na Morisi

Dada, umesema uko Mombasa, unamfanyia mwajiri wa Denmark kazi za uhasibu kwa dola 1,800 kwa mwezi, na unatamani kuishi nje mwaka mmoja. Dubai iweke kando: viza yao ya wanaofanya kazi kwa mbali inadai dola 3,500 kwa mwezi. Ureno nako, kwa viza ya D8, yao ya wanaofanya kazi kwa mbali, wanataka mara nne ya kima chao cha chini cha mshahara. Hufiki.

Tazama Morisi. Premium Visa yao, inayokuruhusu kuishi huko ukifanya kazi kwa mbali, haina ada, ni ya mwaka mmoja na huongezwa, na kipato kinachotakiwa ni dola 1,500, mradi kitoke nje ya kisiwa.

Tafadhali sana, anza sasa kupitishia malipo yako benki. Mimi nilikwama kwa sababu hela zangu ziliingia kwenye simu vipande vipande, leo elfu kumi, kesho elfu sita, na ofisa akashindwa kuona mshahara hapo. Mwombe mwajiri barua yenye tarehe, kiasi anachokulipa, na sentensi moja wazi kwamba anakuruhusu ufanye kazi ukiwa nje ya Kenya.