Nimekutwa na HPV: je, ninunue dawa ya kusafisha kirusi?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 34, nipo Morogoro, nimeolewa na nina watoto wawili. Hivi karibuni nilipewa kijiti chenye pamba nijichukulie mwenyewe kipimo ukeni. Majibu yamerudi kwamba nina HPV. Tangu hapo silali. Mume wangu ananiuliza nimeitoa wapi. Kuna mtu mtandaoni anauza dawa ya miti ya kusafisha kirusi, dozi ya miezi mitatu, na nimeshaanza kukusanya hela. Je, itanisaidia? Nikichanja sasa itafaa? Na binti yangu wa miaka 11, shuleni wanataka kumchanja, naogopa asije akakosa uzazi.

Jibu: Dada yangu, hiyo hela usiitoe. Hakuna dawa, iwe ya hospitali au ya miti, iliyothibitika kuua HPV mwilini, yaani kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Huyo muuzaji anabebwa na jambo moja: kwa watu wengi kirusi hiki hudhibitiwa na kinga ya mwili yenyewe. Katika kila wanawake 10 walioambukizwa, karibu 9 hawaonekani nacho tena ndani ya miaka miwili. Ukinywa dawa yake, kisha ukapima baadaye ukakutwa huna, sifa anachukua yeye. Ukibaki nacho, wewe ndiye uliyepoteza muda, na katika ugonjwa huu muda una thamani kuliko chochote.

HPV ina aina zaidi ya 200. Aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazoleta masundosundo mengi ya sehemu za siri. Yanasumbua na kuaibisha, lakini si saratani, na yanatibika kwa dawa ya kupaka au kwa kugandishwa kwa baridi kali. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kipimo ulichofanyiwa hutafuta aina hizi za hatari na ndugu zake. Majibu yako yanasema kirusi kipo. Hayasemi una saratani.

Kati ya kirusi na saratani kuna safari ndefu. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua kama miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Katikati ya safari hiyo, chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika. Hayo mabadiliko ndiyo tunayoyatibu, na tukiyawahi, saratani haifiki. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "nitakitoaje kirusi?" Liwe "mlango wangu wa kizazi una hali gani leo?"

Jibu lake linapatikana kliniki, na uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache. Utalala chali, muuguzi ataingiza kifaa cha kupanulia uke, atawasha taa, kisha atapaka siki nyepesi kwa pamba kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja. Unaweza kuhisi kuwashwa kidogo. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, na mpaka wake huonekana wazi kabisa kwa macho. Mara nyingi nawageuzia kina mama kioo waone wenyewe, maana aliyeona kwa macho yake hawezi kutishwa tena na wauza dawa.

Pakionekana weupe, na eneo likiwa linafaa, unaweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Vituo vingi sasa hutumia kifaa cha kuchoma kwa joto la nyuzi 100, sekunde 20 hadi 30 kila mara kinapogusishwa. Vingine hugandisha kwa baridi. Wengi huhisi maumivu kama ya hedhi, kisha hutokwa na majimaji kwa wiki chache. Utaambiwa usikutane na mumeo kwa kipindi hicho, kama mwezi hivi. Akubali, tafadhali. Weupe ukiwa umeingia ndani ambako macho hayafiki, au pakiwa na dalili ya kutia shaka, utapelekwa hospitali kubwa kukatwa kinyama kipimwe. Usipoonekana weupe wowote, unarudi kupima HPV baada ya miaka miwili. Tarehe hiyo iandike mahali utakapoiona.

Siku hiyo hiyo pima na VVU kama hujapima karibuni. Wanawake wanaoishi na VVU wako kwenye hatari ya saratani hii mara sita ya wengine, hivyo huchunguzwa kuanzia miaka 25 badala ya 30, na kwa ukaribu zaidi. Na kama unavuta sigara, acha. Huusaidia ugonjwa kujikita.

Sasa mume wako. Msomeeni haya pamoja. Kirusi hiki huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa tendo, na watu wengi walioanza maisha ya ndoa au mapenzi hukipata wakati fulani. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi, hata tangu kabla hamjajuana. Hakuna kipimo kinachoweza kutaja siku kilipoingia wala aliyekileta. Kwa hiyo majibu yako si ushahidi wa usaliti, wako wala wake. Ndoa zinazovunjika kwa karatasi hii zinaniuma sana. Yeye hahitaji kipimo cha HPV, kwani kwa wanaume hakuna cha kawaida cha uchunguzi. Akiona kiotea chochote sehemu za siri aje tumwangalie. Kondomu hupunguza hatari, ila haizuii kabisa, kwa kuwa haifuniki ngozi yote.

Chanjo ya HPV haiondoi kirusi ulichonacho tayari, na haitibu mabadiliko. Kwa umri wako fedha na nguvu zielekee kwenye uchunguzi.

Binti yako ni habari nyingine kabisa. Mpeleke, tena bila kusita. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi, ndiyo maana hutolewa wakiwa wadogo. Tanzania iliianzisha nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa dozi moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14, bure. Msichana anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya dozi moja, basi mwambie mhudumu. Haina kirusi hai ndani yake, na haigusi uzazi. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe, pale tunapolazimika kuondoa kizazi au kupiga mionzi. Ataumwa mkono siku moja mbili, pengine homa kidogo. Na atakapofika miaka 30, bado atahitaji kupimwa.

Wewe panga kwenda wiki hii au ijayo, siku ambayo hutakuwa hedhini, na uende na karatasi ya majibu. Ila kama unatoka damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au uchafu wenye harufu, usisubiri wiki ijayo. Nenda kesho asubuhi.